Kabaiskeli, Pikipiki na Lori: Utani wa Ukubwa wa Vyombo katika Mpaka wa Malaba na Busia

Ikisiri

Makala hii inaeleza utani unaohusu ukubwa na udogo wa vyombo vya usafiri katika miji ya mpakani ya Malaba na Busia, ambako baiskeli, pikipiki na malori ya tani nyingi hupita lango moja. Inadai kwamba dhihaka inayomlenga mwenye chombo kidogo haipasi kusomwa kuwa dharau tupu. Ni utani, na utani una masharti, la kwanza likiwa kwamba anayetaniwa awe na nafasi ya kujibu. Madaraja rasmi ya leseni, ya forodha na ya afya ya umma huwapanga watu hao hao kwa ukubwa bila kuwapa nafasi hiyo. Vielelezo vya mazungumzo vilivyomo vimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Majina ya vyombo ni ya matumizi ya kawaida.

Utangulizi

Msafiri anayetoka Mombasa kwa barabara ya Ukanda wa Kaskazini hufika Malaba baada ya kupita Nairobi, Eldoret, Webuye na Bungoma. Busia iko kusini yake, mwendo wa kilomita thelathini hivi. Kila mmoja wa miji hii ni miji miwili: ipo Malaba ya Kenya, iliyomo katika Kaunti ya Busia, na ipo Malaba ya Uganda, iliyomo katika Wilaya ya Tororo, vivyo hivyo Busia ina nusu yake upande huu na nusu upande ule. Reli iendayo Tororo nayo huvuka hapo hapo Malaba.

Langoni hukutana vyombo ambavyo si rahisi kuvikuta vimekaribiana kiasi hicho mahali pengine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaliruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56. Ubavuni mwa lori hilo, ambalo aghalabu limesimama, hupita baiskeli nyeusi iliyobeba gunia moja la mahindi au abiria mmoja aliyekaa juu ya godoro dogo. Katikati yao hupenya pikipiki. Watu wanaoongoza vyombo hivi huonana kila siku, hununua chai kwa mama mmoja, na hutaniana.

Wengi walioandika juu ya usafiri wa mpakani wameshughulikia ajali, ushuru, magendo na ajira. Mizaha imepewa nafasi ya pambo: sentensi moja ya kuchangamsha utangulizi, kisha msomaji hupelekwa kwenye majedwali. Uamuzi huo una gharama. Watu ambao hawaalikwi kwenye vikao vya kutunga kanuni husema mengi juu ya kanuni hizo wanapochekana, na husema kwa lugha ambayo ofisa anaielewa vizuri akiwa nje ya ofisi yake.

Jina lililozaliwa na baiskeli

Neno bodaboda, ambalo leo limeenea kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, lina asili yake katika mpaka huu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia waliwabeba watu na mizigo katika eneo lililokuwa kati ya kituo cha upande mmoja na kituo cha upande wa pili, wakiwaita wateja kwa kutaja safari yenyewe: boda kwenda boda. Gari lilihitaji karatasi nyingi ili livuke, baiskeli haikuhitaji. Udogo wa chombo ndio uliokuwa mtaji wake.

John Howe, katika makala yake ya mwaka 2003 juu ya usafiri huu nchini Uganda, aliueleza kuwa huduma iliyojaza pengo la katikati, baina ya kutembea kwa miguu na gari la abiria. Maelezo hayo ni sahihi kwa upande wa uchumi. Kwa upande wa utani yanahitaji nyongeza, kwa sababu pengo hilo la katikati lenyewe lilikuja kugawanyika. Pikipiki ziliongezeka Uganda katika miaka ya 1990, na upande wa Kenya zilienea kwa kasi mwishoni mwa muongo wa 2000 baada ya serikali kuondoa kodi ya thamani kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita za ujazo 250. Pikipiki ilipoingia kazini ilichukua abiria, ikachukua steji, na ikachukua jina. Mtu akisema bodaboda leo, msikilizaji huona pikipiki. Baiskeli iliyolizaa jina hilo inalazimika kujitambulisha upya: bodaboda ya baiskeli, au baiskeli tu.

Hapa pana chanzo kizuri cha utani, kwa kuwa ukubwa na umri vinapingana. Mwenye pikipiki ana chombo kikubwa zaidi, lakini katika ukoo wa jina hilo yeye ndiye mdogo. Mwenye baiskeli, ambaye mara nyingi ni mtu mzima kuliko yule wa pikipiki, anaweza kutaniwa kwa sababu ya chombo chake na papo hapo akadai heshima ya kaka aliyetangulia. Hebu ichukuliwe hali kama hii. Kijana wa pikipiki anasimama kando ya mwenye baiskeli aliyeloa jasho na kumwuliza, "Mzee, leo umejaza mafuta wapi?" Anajibiwa, "Nyumbani kwangu, kijana wangu. Uji, lita mbili, na risiti ninayo hapa tumboni." Wanaosikia hucheka, na kicheko chao hakimwangukii mmoja tu. Swali limedhihaki chombo. Jibu limedhihaki gharama.

Utani huu una hata kalenda yake. Nchini Kenya bei za juu kabisa za petroli hutangazwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati kila tarehe 14 ya mwezi, wakati upande wa Uganda bei huachiwa soko. Mpakani, ambapo mtu hutazama vituo vya nchi zote mbili kwa kugeuza shingo, tofauti hiyo hujulikana mapema kuliko mahali pengine popote. Bei inapopanda, zamu ya kucheka huhamia kwa mwenye uji.

Sarufi ya udogo

Mwanaisimu atakayesikiliza steji ya Malaba ataona kwamba kazi kubwa ya utani hufanywa na viambishi. Kiswahili sanifu hudunisha kwa ki-/vi- na hukuza kwa ji-/ma-: gari huwa kigari au kijigari, mtu huwa jitu. Katika Kiswahili cha bara la Kenya na cha Uganda hutumika pia ka-/tu-: kagari, kabaiskeli, tupikipiki, pamoja na upatanisho wake kamili, kabaiskeli kadogo kamepita. Vitabu vya sarufi sanifu haviipi ngeli hii nafasi. Wazungumzaji wa mpakani hawakungoja ruhusa ya vitabu, na wana sababu nzuri: Kiganda kina aka-, na lugha za Kiluhya zina umbo la asili hiyo hiyo. Wasemaji wa Kiteso na Kidhopadhola, ambazo ni lugha za Kiniloti, hawana ngeli ya namna hiyo nyumbani kwao, lakini wakizungumza Kiswahili cha Malaba huitumia sawa na wenzao.

Jambo lenye mavuno zaidi ni jinsi ka- inavyobadilika maana kwa mujibu wa kimilikishi kinachofuata. Kabaiskeli kangu ni mapenzi: chombo kinachomlisha mtu, alichokinunua kwa akiba ya miaka. Kabaiskeli kako, likisemwa na mwenye pikipiki, ni uchokozi. Kabaiskeli kake, likisemwa juu ya mtu asiyekuwepo, hukaribia dharau, kwa sababu mhusika hayupo kujibu. Kiambishi ni kile kile na chombo ni kile kile. Kinachobadilika ni nani anasema na kama mwenye chombo yupo kusikia. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa wakati mwingine, kwamba udunishaji wa ka- ni wa kushusha hadhi kwa asili yake.

Ukubwa nao haukusalimika. Ji- ya ukuzaji hubeba kejeli inayotosha kumfikia dereva wa lori: jilori lililokwama ni kubwa kwa namna isiyomfurahisha mwenyewe. Methali inayosema wembamba wa reli, gari la moshi hupita juu yake, inajulikana kote na ina mahali pake pa haki pa kutumika Malaba, kwa kuwa reli yenyewe iko hapo mbele ya macho.

Kiganda huongeza jambo jingine. Katika lugha hiyo eggaali ni baiskeli, na treni ni eggaali y'omukka, yaani ya moshi. Kiswahili kimelipeleka neno hilo hilo, lenye asili ya Kihindi, kwenye motokaa na kwenye gari la moshi, na kuiachia baiskeli jina lililotoka katika Kiingereza. Basi mtu wa Kampala na mtu wa Mombasa wanaokutana Malaba wanatumia neno la asili moja, huyu akimaanisha kitu anachokisukuma kwa miguu yake, na yule akimaanisha kitu kinachohitaji leseni. Wafasiri wa nyaraka za usafiri wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Majina ya utani ya vyombo hufuata njia nyingine. Baiskeli nzito nyeusi inayotumika magharibi mwa Kenya huitwa blakimamba, jina la nyoka anayeogopwa. Ukubwa ambao chombo hakina hupewa kwa jina. Nchini Tanzania motokaa ndogo imeitwa bebiwoka, kifaa cha kumfundishia mtoto kutembea, na wenye magari hayo hulitumia jina hilo wenyewe bila kinyongo. Kenya, motokaa aina ya Vitz imebeba mizaha ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kuna pia wilibaro, iliyoingia katika siasa za Kenya kama alama ya chama cha UDA katika uchaguzi wa mwaka 2022. Wapinzani waliicheka kwa udogo wake, na wafuasi waliibeba juu kwa sababu ya udogo huo huo.

Utani na njia

R. E. Moreau alichapisha maelezo juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Kabla yake kidogo, mwaka 1940, A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ametoa fasili ambayo bado hurejelewa: ni uhusiano wa watu wawili ambapo mmoja huruhusiwa na mila, na pengine hulazimishwa nayo, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hana budi kutokasirika. Alitofautisha utani wa pande mbili, ambapo kila mmoja hurusha na kupokea, na utani wa upande mmoja, ambapo mmoja hurusha na mwingine hupokea tu.

Tofauti hiyo ya pili ndiyo yenye manufaa kwa mada hii, lakini kuna jambo jingine linalofaa kutajwa kwanza. Utani mwingi wa Tanganyika ulikua njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na misafara katika karne ya 19 walipita nchi za watu wasiowajua, na utani ulikuwa njia ya kumfanya mgeni awe mtu wa kusemeshwa, wa kulishwa na, akifia ugenini, wa kuzikwa. Ndiyo maana mtani ana kazi msibani. Kutoka mapokeo hayo hadi steji ya mpakani si safari ndefu. Upande wa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda neno utani halina uzito wa kitaasisi lilio nao Tanzania, lakini desturi yenyewe inaonekana, hata msibani: mwendesha pikipiki anapofariki, wenzake huusindikiza mwili kwa msafara wa pikipiki, na honi zao husikika kabla hawajaonekana.

Iteso, ambao mpaka umewakata katikati, wana mapokeo yao ya kicheko yaliyoandikwa. Ivan Karp alichapisha mwaka 1980 makala juu ya unywaji wa pombe miongoni mwa Iteso wa Kenya, ambapo watu hukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, na mwaka 1987 alichapisha nyingine juu ya kicheko katika sherehe za ndoa. Ile ya pili inaonyesha jinsi kicheko cha wanawake kinavyoweza kuyagusa mamlaka ambayo hakuna anayeyapinga waziwazi. Chungu cha pombe kina funzo lake kwa steji pia: mirija hulingana kwa wote, na anayeketi hapo ameshakubaliwa kuwa mwenzi. Matani ya baada ya hapo ni ya watu waliokwisha kukubaliana.

Utani wa udogo wa chombo haupatikani mpakani peke yake, na mfano mmoja wa mbali unasaidia kuona kilicho maalumu Malaba. Katika mchezo wa glaida, yaani ndege zisizo na injini ambazo huvutwa hadi angani kisha huelea kwa kutegemea hewa ya joto inayopanda, mashindano ya dunia hupangwa kwa urefu wa mabawa. Lipo daraja la mita 15, la mita 18, na lipo daraja la wazi ambalo mabawa yake huweza kuzidi mita 25. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilichaguliwa ndege ndogo ya gharama nafuu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warsaw, PW-5, yenye mabawa ya mita 13.44, ili marubani wote wa daraja lake washindane kwa chombo kimoja na ushindi uwe wa ustadi badala ya fedha. Wazo hilo lilipokewa kwa mizaha mingi: ndege ilionekana kama ya watoto, na wenye mabawa marefu hawakukosa la kusema. Katikati ya miaka ya 2010 daraja la mita 13.5 lilichukua nafasi yake, na mizaha ikahamia huko. Mchezo huu haukuwa mgeni kabisa Afrika Mashariki. Klabu ya glaida ya Kenya imekuwa na makao yake Mweiga, karibu na Nyeri.

Mizaha ya marubani hao na ya waendesha baiskeli ina sura moja. Katika zote mbili mwenye kidogo hujibu kwamba mwenye kikubwa amenunua kile ambacho yeye hukipata kwa mwili na akili. Tofauti iko katika mpangilio. Rubani wa mabawa mafupi ana mashindano yake, medali yake na orodha yake ya washindi. Anayemcheka hamwondolei kitu. Malaba hakuna daraja la baiskeli. Kabaiskeli na jilori vinagombania lami moja, lango moja na saa zile zile za mchana, na pengine mteja yule yule. Kwa hiyo utani wa mpakani una kazi nzito kuliko ule wa angani, kwa kuwa huwafanya washindani wasio na uwanja wa haki waendelee kusalimiana.

Baiskeli haina herufi

Mfumo wa leseni za udereva wa Kenya hupanga vyombo kwa herufi. Pikipiki ziko chini ya A: A1 ni ya zile ndogo kabisa, A2 ni ya pikipiki za kawaida, na A3 ni ya pikipiki za abiria na vyombo vya magurudumu matatu. Malori yana C. Baiskeli haina herufi hata moja.

Kukosa herufi kuna faida, na waendesha baiskeli wanaijua: hakuna ada na hakuna mtihani. Ni faida ile ile iliyoizaa bodaboda miaka ya 1960. Lakini asiye na herufi pia hahesabiki. Mipango ya kuegesha, ya njia na ya mikopo huanza kwa kuhesabu waliosajiliwa, na mwenye baiskeli hayumo katika hesabu. Anaposema kwa utani kwamba serikali haimjui, wasikilizaji hawawezi kuamua kama anajisifu au analalamika. Pengine hata yeye hajaamua.

Forodha ina mizani yake. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye bidhaa zilizotokana na nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa. Ni utaratibu mwema kwa nia yake. Kiswahili cha nyaraka na mikutano huwaita walengwa wake wafanyabiashara wadogo wadogo, na hilo linastahili kutazamwa na wanaisimu. Urudufu wa kivumishi hapa hauongezi taarifa. Mtu mwenye bidhaa za dola 1,900 si mdogo mara mbili. Unachoongeza ni mtazamo wa anayetazama kutoka juu. Mama anayevuka na mafungu ya vitambaa anaweza kumwita mwenziwe mdogo mdogo na wakacheka wote wawili. Ofisa akilisema neno hilo hilo kwenye kipaza sauti, hakuna wa kumjibu. Huo ni utani wa upande mmoja wa Radcliffe-Brown, ila umevuliwa mila iliyoufanya uvumilike.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Busia. Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, walieleza jinsi watu wenye ulemavu wa miguu walivyotumia baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono kusafirisha bidhaa kuvuka mpaka, huku maofisa wa forodha wakiwalegezea masharti. Chombo ambacho mtazamaji wa mbali angekihurumia kiligeuka kuwa chombo chenye upendeleo, na mwenye miguu yake miwili akawa ndiye wa kukitamani. Hapa ngazi ya ukubwa iligeuzwa juu chini, na mtu aliyezoea kuhurumiwa alikaa mahali ambapo angeweza kutania. Lakini upendeleo wa namna hiyo husimama juu ya hiari ya ofisa aliye zamu, na haukuandikwa popote kama haki. Mcheshi mwenye busara hulijua hilo. Kicheko chake huwa na jicho moja kwenye sare.

Mzigo ulipovuka bila mwenyewe

Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri na kuyaruhusu malori ya mizigo kuendelea kuvuka yakiwa na wahudumu wachache. Ndani ya nchi bodaboda zilikatazwa kubeba abiria na kuruhusiwa kubeba bidhaa, hali iliyodumu hadi mwishoni mwa Julai mwaka huo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu za afya ambazo makala hii haina nia ya kuzipinga. Kinachoangaliwa hapa ni madaraja yaliyotumika.

Sera iligawa ulimwengu katika mafungu mawili, watu na mizigo, na lori likaangukia katika fungu la pili bila shida. Mfanyabiashara wa Busia anayebeba bidhaa zake kichwani au kwenye kerea ya baiskeli alikuwa katika mafungu yote mawili kwa wakati mmoja. Hakuna njia ya kuvusha gunia lake bila kumvusha yeye. Kwa hiyo alihesabiwa kuwa msafiri, na biashara yake, ambayo kwa wengi wa wanawake wa mpakani ndiyo karo na ndiyo chakula, ilisimama. Lori la tani 56 halikuulizwa kama ni mtu. Ndani ya Uganda kanuni ya bodaboda ilizaa picha ambayo haikuhitaji mcheshi wa kuitunga: gunia la viazi lilikuwa na haki ya kukaa kwenye kiti cha abiria, na mwenye gunia alitakiwa kulifuata kwa miguu.

Baadaye zamu iligeuka. Malori nayo yalikwama, kwanza mwaka 2020 kwa kusubiri vipimo vya madereva, kisha Januari 2022 kwa mzozo wa vipimo vya lazima na ada yake, na misururu upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita. Dereva aliyekaa siku kadhaa ndani ya kibanda cha lori aliwatazama wenye magurudumu mawili wakimpita ubavuni. Mwenye baiskeli aliyekuwa na la kusema wakati huo alikuwa na hadhira ndefu kuliko aliyowahi kupata.

Kwa washauri wa sera, maswali yanayotokana na haya ni ya utendaji. Kanuni inayopanga watu kwa ukubwa wa chombo iseme inamweka wapi asiye na chombo, na anayekuwa abiria na mzigo kwa wakati mmoja. Vikao vya pamoja vya mpakani, ambavyo huwa na mawakala wa forodha na wenye malori, viwe pia na mwakilishi wa baiskeli, hata kama chama chake hakina ofisi. Matoleo ya Kiswahili ya fomu na matangazo yaachane na wadogo wadogo na kumtaja mtu kwa kazi yake: mwuza samaki, mbeba mahindi, mwendesha baiskeli. Tena rasimu zisomwe kwa sauti stejini, Malaba na Busia, pande zote mbili, kabla hazijapelekwa kuchapishwa, na mtu akae na kalamu kuandika ni kifungu gani kilichowafanya waliosikia watazamane.